Daftari la Kuonja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, mapema kuliko siku zake. Jiko la jela linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, juu ya gunia la chumvi, na kila mwaka naambiwa fundi yuko njiani. Huyo fundi basi anatembea kwa magoti.

Nimenunua daftari hili kwa sababu moyo umenijaa na sina wa kumwambia. Nitalificha ndani ya debe la unga hapa nyumbani. Mama hafiki huko siku hizi, mgongo umemkatalia. Kwa hiyo hapa nitasema yote. Mimi ni mpishi wa jela, huu mwaka wa kumi na tisa. Napikia watu mia nne, na wote, askari kwa wafungwa, wananiita Mama Upawa. Katika hao mia nne mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba wetu, na pale ndani hakuna anayejua. Baba zetu ni wawili, majina ya ukoo mawili, na sura kila mtu na yake. Alifungwa miaka mitatu kwa kusimama na wenzake mbele ya tingatinga lililokuja kubomoa karakana yao ya useremala. Mwenye ndugu ndani haruhusiwi kushika chakula cha wafungwa. Nikijulikana, kazi imekwenda, na huenda nikashtakiwa kwa udanganyifu. Mwaka mzima sasa nampa uji kupitia kidirisha cha mlango, ananiambia "Asante, Mama Upawa" kama asiyenijua, nami namwambia asogeze kikombe vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Kabla sufuria yoyote haijatoka jikoni lazima nionje mbele ya sajini wa zamu, kisha niandike kwenye daftari la kuonja: tarehe, chakula, maoni, saini. Sajini anatia yake chini. Ukurasa una nakala ya rangi ya waridi. Anaichana na kumpa dereva wa gari la mkate, naye anaiacha ofisi ya afya mjini. Miaka yote hii kwenye maoni nimeandika neno moja tu, "Kizuri". Hata siku ya maharage yenye wadudu niliandika kizuri, Mungu anisamehe.

Sajini huyu ni mzee wa tumbo, funguo zimemjaa kiunoni, mtu wa utani. Leo nimemeza kijiko cha uji, akanikodolea macho.

"Mama Upawa, hujafa?"

"Bado."

"Basi andika."

Halafu akafunua jalada, akanisomea kwa sauti ya mahubiri sheria iliyochapwa ndani yake: mwonjaji akiandika chakula hakifai, na sajini akatia saini, kisitolewe kwa mtu yeyote, na mkaguzi wa afya aje kabla ya siku mbili kwisha, akague jiko, maji, na kila chumba anamolala mfungwa. "Kila chumba," akarudia, akicheka. "Siku hiyo na mimi nahama mji." Sijawahi kumpenda. Anacheka mno kwa mtu mwenye funguo.

Jumamosi, 8 Machi

Chini ya bloku la pili kuna chumba cha adhabu. Unashuka ngazi kumi na moja, hakina dirisha. Wanakiita Kisima, kwa sababu msimu wa mvua maji yanapanda kutoka sakafuni. Mimi sijawahi kushuka, chakula cha huko hupelekwa na askari. Jumatano walimtia humo mzee kinyozi, yule anayewanyoa wafungwa wenzake, kwa kosa la kuomba blanketi mara ya pili.

Leo asubuhi kikombe chake kimerudi kimejaa. Nikauliza. Askari akasema homa imemchukua, hata macho hakuninyanyulia. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Wamemzika nyuma ya ukuta. Watoto wake hawajaambiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Sahani tisa zimerudi, zote za bloku la pili. Mdogo wangu hakusogeza kikombe.

"Mama Upawa, kuanzia leo sisi tisa ni maji na chumvi tu. Mpaka Kisima kizibwe, na kinyozi arudishwe kwa watu wake."

Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza mbao. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni mpishi, si mkuu wa jela, maana askari alikuwa nyuma yangu. Nikajimwagia uji kwenye kiatu.

Jumanne, 11 Machi

Tisa.

Jumatano, 12 Machi

Tisa. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Kila jioni mama ananiuliza, "Anakula?" Na mimi namjibu, "Anakula, mama, mpaka anaomba ukoko." Leo amesema, "Alikuwa hapendi ukoko." Nikaondoka kwenda kuanua nguo ambazo sikuwa nimezianika. Njia ya mwongo fupi, najua, lakini yangu naitaka iwe ndefu kidogo, walau mpaka wakubali kula.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Mkuu wa jela amekuja jikoni mwenyewe. Ni mtu msafi, anaongea polepole, hajawahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana namwogopa. Amesema nihamishie jiko la mkaa koridoni, bloku la pili, nikaange vitunguu pale pale mlangoni mwao, asubuhi na mchana. "Mafuta ya kutosha," akasema. "Mtu hubishana na mkuu wa jela. Habishani na tumbo."

Nimekaanga. Na nitaandika ukweli, kwani hapa namdanganya nani: nimekaanga vizuri, kwa mkono wangu wote, nikisubiri nisikie mdogo wangu akiita sahani. Chumba cha tatu mtu mmoja alilia kwa sauti. Hakuna aliyeita.

Jumamosi, 22 Machi

Tisa. Siku ya kumi na tatu. Vitunguu sasa vinanitia kichefuchefu.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimemwona vizuri, mlango ulikuwa wazi wanafagia. Shingo imekuwa nyembamba kama ya mama. Alikaa akiegemea ukuta, na alipotaka kusimama alishika kwanza ukuta, akangoja, kisha akaacha. Ana miaka thelathini na moja. Nilimbeba mgongoni mama akiwa sokoni, nikamlisha kwa kidole kabla hajajua kijiko.

Kasisi wa jela amewaambia kujiua ni dhambi. Nikamsikia mdogo wangu akijibu, bila hasira, "Baba, sisi hatutaki kufa. Tunataka chumba kimoja kizibwe. Dhambi ukaiulize huko chini, ngazi kumi na moja." Kasisi hakushuka. Alipita jikoni akaomba chai.

Mimi nasali nikikoroga. Sina maneno mengi. Namwambia Mungu, huyu usimchukue, basi. Halafu naogopa kwamba wale wanane nao wana dada zao.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefanya jambo.

Maji yao ya kunywa ni mimi ninayechemsha, ndoo moja ya asubuhi, na chumvi kidogo. Leo nimechemsha maji ya mchele, nikatia vijiko sita vya sukari, na chumvi zaidi ili kuificha. Nilionja nikaona hakuna atakayejua. Maji hayaonjwi mbele ya sajini wala hayaandikwi. Kila mmoja alikunywa kikombe chake. Mdogo wangu alikunywa viwili.

Nimerudi nyumbani nimepata usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi nahitaji kumi tu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimetia tena. Mdogo wangu aliyaweka mdomoni, hakumeza. Aliniangalia kupitia kidirisha muda mrefu, halafu akayatema kwenye kiganja na kuyanusa.

Sikujua kwamba mtu asiyekula siku ishirini ulimi wake unasikia kila kitu. Nimeshika upawa tangu ujana na hilo sikulijua.

Jumapili, 30 Machi

Vikombe tisa vimerudi vimejaa. Wamegonga kuta usiku wakaambiana: Bwana Mkuu ametia dawa kwenye maji, msinywe. Leo nimepeleka maji safi kabisa, yaliyochemka mbele ya sajini. Hawakuyagusa.

Si Bwana Mkuu. Ni mimi. Ewe Mola wangu, ni mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Hawajanywa. Mmoja wao, mwashi, aliye mkubwa kuliko wote kwa umri, hainuki tena. Midomo ya mdogo wangu imepasuka. Nje mvua inamwagika na ndani watu tisa wanakufa kwa kiu, na mfuko wa sukari uko kwenye kabati langu. Nilikaa juu ya gunia la chumvi, matone yakinidondokea kichwani, sikuweza hata kuhama.

Nikisema, nimejitia kitanzi. Nisiposema, nimemuua kwa mkono ule ule niliomlisha nao.

Jumanne, 1 Aprili

Nimesema.

Saa moja asubuhi nilibeba ndoo mwenyewe mpaka koridoni. Sajini alikuja nyuma na funguo zake. Vidirisha vilikuwa wazi vyote tisa. Nikaiweka ndoo chini nikashika ukuta, kama mdogo wangu anavyoushika.

"Sikilizeni," nikasema. "Maji yale ya Ijumaa na Jumamosi hayakuwa na dawa. Yalikuwa na mchele na sukari. Bwana Mkuu hajui. Nilitia mimi."

Ikaja sauti ya mwashi, kama karatasi: "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu chumba cha tano ni mdogo wangu."

Nilisema hivyo na sajini amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikachota kikombe, nikanywa chote mbele yao, nikachota kingine, nikanywa. Nikaenda chumba cha tano.

Mdogo wangu alikuwa ameweka uso kwenye kidirisha. Nilidhani atanitukana, nami nilistahili.

"Ulitaka kunilisha kwa wizi, dada," akasema.

"Nilitaka uishi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo." Akatoa mkono, mifupa mitupu. "Lete maji."

Walikunywa wote tisa. Mwashi nilimnywesha kwa kijiko, sajini alinifungulia mlango bila kuombwa. Tukirudi jikoni nilimwambia, haya, nenda ukaseme. Akajibu bila hata kugeuka, "Nilijua tangu mwaka jana. Nyote wawili mnagonga kijiko mara mbili ukingoni kabla ya kula." Sikumwamini hata kidogo. Mtu akijua kitu kama hicho mwaka mzima, anakiweka kwa faida yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Kuta zina masikio, na moja kati ya masikio hayo limefika ofisini. Bwana Mkuu ameniita. Alinipa kiti.

"Mama Upawa, sitakufukuza leo," akasema. "Damu ni nzito kuliko maji, naelewa. Jumatatu asubuhi utampelekea uji mdogo wako, utamlisha wewe. Akila yeye, wengine watakula. Wao wote wanamtazama yeye. Akikataa, jioni hiyo hiyo anashuka Kisimani."

Nikasema, "Humo kuna maji, bwana."

"Ni msimu wa mvua," akajibu, akanifungulia mlango.

Ni sajini. Nani mwingine alikuwepo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya ishirini na saba. Niliruhusiwa kuingia kwake, robo saa. Nikamweleza yote. Alisikiliza amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Dada," akasema mwishoni, "wewe ukisema fungua mdomo, nitafungua. Sina nguvu za kukukatalia wewe. Bwana Mkuu nina nguvu zake, njaa nina nguvu zake. Zako sina. Kwa hiyo nakuomba usiseme."

"Na Kisima?"

"Nakiogopa," akasema. "Kila mvua ikinyesha nasikia mtu akishuka zile ngazi."

Nililia pale, na kamasi juu. Yeye ndiye aliyenipangusa.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia mama. Nilitaka aniambie, nenda kamwambie mwanangu ale, ili dhambi iwe yake. Hakushtuka.

"Mwezi mzima unarudi unanuka vitunguu na huli," akasema. "Ulidhani sijui?"

"Basi nipe neno nimpelekee."

"Siku ya lile tingatinga nilimshika shati nikamwambia toka. Alinitoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja. Neno sina, mwanangu. Mimi namwomba Mungu, hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo. Wewe una nini?"

"Upawa," nikasema kwa hasira. "Upawa, na daftari la kutia saini."

Halafu nikalisikia neno nililolisema: daftari. Nilikaa mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeandika nikiwa nyumbani, jioni. Nitaandika haraka kabla askari hawajagonga mlango.

Saa kumi na mbili asubuhi uji uliiva. Nilichota, nikaonja mbele ya sajini. Ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kupika. Nikashika kalamu, nikaandika kwenye maoni: "Hakifai kwa binadamu." Nikatia saini, nikamsukumia daftari.

Alisoma. Alisoma tena. Hakucheka.

"Uji una nini?"

"Umeharibika."

Akachukua kijiko akaonja. "Kwangu uko sawa."

"Basi usitie saini."

Gari la mkate lilikuwa linanguruma nje, dereva anapiga honi ya kuharakisha. Bila saini yake karatasi ile si kitu.

"Mama Upawa, mimi nina watoto shuleni."

"Najua."

"Na ile habari ya undugu wenu, si mimi niliyeipeleka. Nataka ujue hilo." Alizungusha kalamu vidoleni. "Yule kinyozi alininyoa miaka sita. Kila Ijumaa. Na mimi ndiye niliyemshusha zile ngazi. Alikuwa ananiuliza, sajini, mpaka lini? Nikamwambia kwa utani, mpaka mvua ikatike."

Akatia saini. Akaichana ile nakala, akatoka nayo mwenyewe mpaka kwa dereva. Nikasikia gari likitoka getini.

Saa moja Bwana Mkuu alifika kunichukua. Nikamwambia uji hautoki, daftari limekataa. Akalisoma amesimama. Uso wake haukubadilika, ila masikio yalipauka.

"Nakala iko wapi?"

"Imekwenda na mkate, bwana," akasema sajini.

Nilifungiwa stoo ya unga mpaka jioni. Wafungwa wamekula mkate mtupu. Kupitia tundu la mlango niliona askari wakichota maji Kisimani kwa sufuria zangu, wanapanda na kushuka ngazi, na mvua haikukatika hata nusu saa. Kila walipotoa sufuria moja, mbingu ilirudisha mbili. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilitamani inyeshe zaidi.

Jumanne, 8 Aprili

Wamenikalisha jikoni nihojiwe. Dirisha langu linatazama ngazi za Kisima.

Mkaguzi wa afya ni mama mfupi mwenye miwani. Alionja uji wa jana, akaguna. Akatazama jiko, akatazama paa linalovuja, akaandika. Bwana Mkuu akasema basi, ndiyo hayo tu. Yule mama akafungua jalada la daftari, akaweka kidole kwenye ile sheria. "Kila chumba," akasema.

Alishuka na tochi. Nilihesabu ngazi kumi na moja. Alikaa chini huko dakika ambazo sikuweza kuzihesabu. Alipopanda, sketi ilikuwa imelowa mpaka magotini na miwani ameishika mkononi.

"Nani analala humu?" akauliza.

Bwana Mkuu akawatazama askari. Askari wakatazama ngazi.

"Kinyozi," akasema sajini.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefukuzwa. Kila pikipiki ikisimama nje, naficha daftari hili.

Jumapili, 13 Aprili

Mwashi amefariki Ijumaa, bila kuona. Jana, kwa amri ya ofisi ya afya, wamejaza Kisima mawe na zege, wanane waliobaki wamebebwa mpaka ngazini washuhudie. Kinyozi amefukuliwa, watoto wake wamekuja kumchukua. Mdogo wangu yuko hospitali, anatiwa maji kwa mshipa, na hawajui kama tumbo litapokea kitu. Mwashi aliniuliza kwa nini, na mimi namuwaza yeye. Siku mbili zile za kiu nilimpa mimi.

Kesi yangu ni tarehe ishirini na mbili. Naogopa. Sitaandika kwamba siogopi.

Jumanne, 15 Aprili

Leo daktari ameruhusu uji mwepesi, vijiko vitano tu. Nilipika nyumbani, mama akikoroga amekaa kwenye kigoda. Mlangoni mwa wodi alikuwepo sajini, amevuliwa tepe zake za cheo begani, amewekwa kulinda vitanda. Aliangalia bakuli.

"Utaratibu, Mama Upawa."

Nikaonja mbele yake.

"Hujafa?"

"Bado."

Akanisogezea mlango.

Mdogo wangu alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Nilichota kijiko, nikagonga mara mbili ukingoni, nikakishika mbele yake. Sikusema fungua. Nilingoja. Alikitazama kile kijiko, akanitazama mimi.

"Una sukari?"

"Hauna," nikasema. "Naapa, hata punje."

"Basi tia," akasema.